Sauti Iliyobaki Mkobani

Kaa hapa karibu nami unisikilize, na usiogope nyaya. Nimewaona watu wengi wakizitazama nyaya za projekta kama mtu aliyekuta nyoka amejikunja mlangoni, na mimi huwaambia jambo lilelile kila mara: waya hauumi, na mashine haina kinyongo. Kila mashine ina tundu la kutolea na tundu la kuingizia. Deki na kompyuta zinatoa, projekta inapokea. Ukiwa na kompyuta ya siku hizi, kazi yako ni ndogo zaidi, kwa sababu waya mmoja wenye kichwa bapa hubeba picha na sauti kwa pamoja, kama mama aliyefunga mtoto mgongoni na kujitwika kikapu kichwani. Unachomeka upande huu, unachomeka upande ule, unabonyeza kitufe cha kuchagua tundu, basi.

Deki za zamani za kaseti hazikuwa hivyo. Zilikuwa na nyaya za rangi. Wa njano ni wa picha. Mweupe na mwekundu ni wa sauti. Njano inaingia kwenye njano ya projekta, kisha mweupe na mwekundu zinakwenda zake kwenye spika, kwa sababu kispika kilicho ndani ya projekta hakimtoshi hata mtu mmoja mwenye masikio mazuri. Kwa hiyo kwenye deki picha na sauti ni vitu viwili vinavyosafiri njia mbili, na ni rahisi kimoja kifike na kingine kibaki. Hilo nimelifundisha kwa miaka mingi. Nililifundisha vizuri, na bado halikunisaidia siku niliyolihitaji.

Ninafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Kakamega, ghorofa ya juu, chini yetu kukiwa na duka la mbegu na dawa za mifugo. Jumamosi huikodisha projekta yangu na huenda nayo mwenyewe: harusi, mikutano ya vikundi vya akina mama, makanisa, matanga. Ninapenda kueleza. Wanafunzi wangu hunitania kwamba mtu akiniomba maji ya kunywa nitaanza kumweleza mvua inavyonyesha. Sikuwahi kuona ubaya wowote katika tabia hiyo mpaka nilipokwenda Khwisero.

Aliyenialika alikuwa mama wa makamo, ameolewa upande wa Lumakanda, kwenye mashamba ya mahindi. Alinipigia simu akaniambia kwamba nyumbani kwao Khwisero wanaandaa ibada ya ukumbusho wa baba yake, na kwamba kuna kaseti ya harusi yake ambayo baba yumo, amesimama, anazungumza. Wajukuu wengi walizaliwa mzee akiwa ameshakufa. “Tunataka wamwone babu yao,” alisema. Nikamwambia asihangaike kutafuta deki, ninayo ya zamani niliyoinunua kwa mtu aliyefunga ukumbi wake wa video. Nikasikia amefurahi, nami nikafurahi kwa kuwa ninacho kitu ambacho mjini pote hakipatikani.

Sasa sikiliza tofauti hii, kwa sababu hadithi yote imesimama juu yake. Mimi niliambiwa wajukuu wamwone babu yao. Mama wa nyumba ile, mjane mwenyewe, alikuwa akingoja kitu kingine. Alikuwa akingoja kuisikia sauti. Mume wake alifanya kazi langoni pa kiwanda cha sukari, akiita matrekta ya miwa yaingie kwenye mzani, na alikuwa na sauti ambayo madereva walisema inafika kabla ya mwenyewe. Miaka ilivyopita, mama alianza kuona sauti ile inamponyoka. Sura alikuwa nayo, kwenye kitambulisho na kwenye picha ya ukutani. Sauti haikuwa popote isipokuwa ndani ya kaseti ile. Hakumwambia binti yake, na binti yake asingeweza kuniambia asichokijua. Mimi nami sikumuuliza mtu.

Nilifika asubuhi na mapema. Turubai lilikuwa limesimamishwa uani, kwaya ya kanisa inajaribu spika, na akina mama jikoni wanakimbizana na sufuria. Mama mwenyewe alinitokea akiwa amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Wajukuu wote walimwita kukhu, yaani nyanya, na kila alipopita walimfuata kama vifaranga. Akaniletea kaseti mkononi, imefungwa kwa leso ndani ya karatasi ya mkate. Ilikuwa imepanguswa ikang'aa. Ilinuka moshi kidogo, lakini nyumba zetu nyingi zinanuka moshi, na mimi nimelelewa katika harufu hiyohiyo. Sikuishangaa.

Kaseti ya video ina kifuniko kidogo upande wa mbele. Ukikiinua kwa kidole unauona utepe wenyewe, unatakiwa uwe mweusi unaong'aa kama maji ya usiku. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Sikukiinua. Nilishukuru, nikaiweka juu ya meza, nikaanza kutafuta mahali pa kutundika shuka.

Projekta hushindwa na jua, kwa hiyo tulikubaliana kwamba baada ya ibada na chakula watu waingie sebuleni, madirisha yazibwe kwa blanketi. Vijana wa nyumba ile waliyapigilia mablanketi kwa misumari hadi pakawa giza la kutosha. Nilitundika shuka jeupe ukutani, nikainua projekta juu ya vitabu vya nyimbo, nikaweka deki pembeni yake. Kisha nikachomeka waya wa njano.

Nyeupe na nyekundu niliziacha mkobani. Nitakueleza sababu, maana ilikuwa sababu ya kikazi wala si usahaulifu. Siku zote mimi huanza na picha. Picha ndiyo yenye matatizo: huja ikiwa imepinduka, au haina rangi, au projekta inaangalia tundu jingine kabisa. Sauti haina shida, unachomeka mwishoni. Isitoshe spika kubwa ilikuwa bado nje kwa kwaya, nami niliona vibaya kuwanyang'anya wakiwa katikati ya wimbo. Nikasema moyoni, nijaribu picha kwanza, wakimaliza nitaiomba.

Ibada na chakula vilipokwisha, watu walianza kuingia kabla sijawaita. Watoto walijaa mbele kwenye mkeka. Ndugu wa marehemu, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa akiwatania wote tangu asubuhi, alichukua kiti kizuri akasema yeye ni mgeni wa heshima kwa sababu ndiye anayefanana zaidi na mwenye sinema. Binti wa harusi, yule aliyenialika, alisimama nyuma yangu. Na mama akaja, wakampa kiti cha mbele kabisa, naye akakigeuza. Alikigeuza upande, sikio lake la kulia likaelekea kwenye shuka, macho yakaelekea ukutani penye kalenda.

Nilimwendea nikamwambia kwa upole kwamba hapo hataona vizuri. Nikakigeuza kiti chake. Nilikigeuza kwa mikono yangu mwenyewe, nikamtazamisha mbele, nikampiga bega kidogo kama tunavyowafanyia wazee tunaotaka kuwasaidia. Akanishukuru.

Nikasukuma kaseti ndani ya deki. Ningeweza kuanza na kaseti nyingine, nilikuwa nayo moja ya mahubiri ya zamani ambayo huibeba kwa kazi hasa ya kujaribia deki. Deki ile ilikuwa imekaa chini ya meza chuoni muda mrefu, na deki iliyokaa muda mrefu mpira wake unaovuta utepe hukakamaa. Unaipangusa vichwa vinavyosoma utepe kwa pamba na spiriti, unaipa kaseti isiyo na mwenyewe, unaitazama inavyozungusha. Lakini watoto walikuwa wameshakaa, na picha nilitaka kuipima tu. Nikabonyeza.

Picha ilikuja. Ilitetemeka, ikatulia, na watoto wakapiga kelele, kwa sababu mle ndani ya shuka mlikuwa na uwanja uleule wa nyumba ile, miti ikiwa mifupi, na mama zao wakiwa wasichana. Mtu aliyekuwa ameitazama kaseti hiyo mara ya mwisho, sijui lini, hakuirudisha mwanzo. Iliachwa katikati. Kwa hiyo hatukuona msafara wala kanisa. Tulimwona mzee mmoja mrefu anainuka kutoka kwenye benchi, anakohoa kwenye ngumi, anavuta koti, anafungua kinywa.

Kinywa kilikwenda. Mkono wake wa kulia ulipanda na kushuka. Watu ndani ya picha walicheka, na mzee mwenyewe akacheka, akaendelea. Hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa feni ya projekta yangu na kwaya kule nje.

“Kukhu, anasema nini?” mtoto mmoja aliuliza.

“Ngoja,” mama akajibu. Alisema kwa utulivu kabisa, bila kuondoa macho. “Mwalimu ataleta sauti.”

Nilikuwa nimeinama kuchukua mkoba. Nakumbuka mkono wangu ulikuwa ndani yake, unapapasa, wakati picha ilipoanza kukatwa na mistari. Mzee alivutika akawa mrefu, akajikunja, akapotea. Deki ikatoa mlio ambao naujua na ambao sikutaka kuusikia, mlio wa kitu kinachotafunwa. Nikabonyeza kuizima. Ilikuwa imeshameza.

Unapoitoa kaseti iliyomezwa usivute. Ukivuta utakata. Unafungua kifuniko cha deki kwa bisibisi, unauzungusha ule mpira kwa kidole taratibu, unautoa utepe kidogo kidogo kama unavyotoa uzi kwenye mwiba. Nilifanya hivyo mbele ya watu wote, blanketi moja likiwa limeshushwa ili nipate mwanga. Utepe ulitoka umekunjamana kama utumbo wa kuku. Na vidole vyangu vilitoka vyeusi.

Hapo binti wa harusi aliniuliza kwa nini imefanya hivyo. Lilikuwa swali la kawaida, na mimi nikalijibu kama ninavyojibu maswali yote. Nilieleza vizuri, tena kwa upole, nikiwaonyesha vidole. Nilisema haya ni masizi. Nikasema moshi ukiingia kwenye utepe hukaa juu yake kama gundi nyembamba, na utepe ukipita kwenye mpira unanata badala ya kuteleza, ukinata unajikunja, ukijikunja unaliwa. Nikauliza, kwa sauti ileile ya darasani, ilikuwa imewekwa wapi.

Nilipouliza, kila mtu alimtazama mama.

“Jikoni,” alisema. “Darini. Na mbegu.”

Wewe kama umekulia kwetu unajua maana yake. Mahindi mazuri kuliko yote ya shamba hayaliwi wala hayauzwi, hufungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya mafiga, mahali ambapo moshi hupita kila siku, kwa sababu fukusi hawavumilii moshi. Hapo ndipo penye usalama kuliko popote katika boma. Mchwa walikuwa wameshakula sanduku la picha chini ya kitanda chake. Paa la sebule lilikuwa likivuja. Mama alifikiri, akachagua, akaipandisha kaseti mahali anapowekanga kitu kisichotakiwa kupotea. Nyumba haikuwa na stima enzi hizo, na stima ilipofika hapakuwa tena na deki madukani. Basi ikakaa pale juu na mbegu za kila mwaka, mbegu zikishuka na kupandwa, yenyewe ikibaki.

“Mama,” binti yake alisema, “kaseti jikoni?”

Yule mzee mcheshi akaona afadhali acheke kuliko watu walie. “Kumbe shemeji ulimkausha ndugu yangu kama samaki.”

“Nilitaka adumu,” mama akamjibu. “Wewe hukukaushwa, na umeanza kunuka.”

Watu wakaangua kicheko, hata binti, hata mzee mwenyewe aliyepiga goti lake kwa furaha. Mama naye alicheka. Lakini mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, na niliiona mikono yake ikiwa mapajani, mmoja umeushika mwingine kwa nguvu kana kwamba unauzuia kwenda mahali.

Pale ndipo ningesema. Maneno hayakuwa mengi. Ningesema deki yangu sikuipangusa, na spiriti ninayo mkobani. Ningesema kaseti ya majaribio ninayo vilevile. Ningesema hata moshi ungekuwa mwingi vipi, ningeinua kile kifuniko ningeuona. Na kubwa zaidi, ningesema kwamba utepe ule ulikubali kupita mara moja, mzee akazungumza mbele yetu, na nyaya za kuileta sauti yake zilikuwa mkobani mwangu. Yote hayo hakuna aliyeyauliza. Mimi nilijibu swali nililoulizwa, na jibu langu lilikuwa la kweli, na ukweli wake wote ukamwangukia mama mwenye nyumba.

Mimi nilikuwa sijala bado, wakaniletea chakula. Nilitengewa peke yangu, obusuma, ndio ugali, na ingokho, kuku wa kienyeji aliyechinjwa kwa ajili ya wageni, mguu mzima. Mama mwenyewe alininawisha mikono. Masizi hayakutoka vizuri, akanisugulia vidole kwa kitambaa kama mtoto, akisema pole, pole mwalimu, nimekuchafua. Nikala. Chakula kilikuwa kitamu, na hilo nalo bado linanisumbua.

Niliomba kuondoka na kaseti nikaahidi kujaribu. Binti alitaka kunilipa nikakataa, nikasema kazi haikufanyika. Wakaniona muungwana. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nikijieleza mwenyewe, kwa maana mtu mwenye tabia ya kueleza hawezi kuacha hata akiwa peke yake: moshi ulikuwepo, utepe ungemezwa tu, labda siyo leo lakini siku moja. Ni maelezo mazuri. Niliyarudia mpaka yakachakaa.

Majuma yaliyofuata, wanafunzi wakishaondoka alasiri, niliifungua kaseti ile juu ya gazeti. Ina skrubu ndogo chini. Niliupangusa utepe kwa pamba, pande kwa pande, na pamba ikawa nyeusi, nikatupa, nikachukua nyingine. Palipokunjamana nilipanyoosha kwa kucha juu ya kioo. Nikaipangusa deki vilevile, sasa, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Kisha sikuipeleka kwenye projekta. Niliiunganisha na laptopu kupitia kile kidude kidogo kinachopokea nyaya tatu za rangi upande mmoja na kuingia kwenye kompyuta upande wa pili. Nikachomeka nyeupe na nyekundu kwanza.

Nikueleze kitu kuhusu utepe wa video, kwa sababu mimi mwenyewe nilikisahau mpaka nilipokisikia. Picha imeandikwa katikati ya utepe, imelala mshazari. Sauti imeandikwa ukingoni, mstari mwembamba sana. Utepe ukimezwa, ukingo ndio huumia kwanza. Kwa hiyo harusi niliipata karibu yote: msafara, keki, akina mama wakicheza. Mzee nilimpata akiinuka. Nilipata kikohozi chake, safi kabisa, kikubwa, cha mtu mwenye kifua kipana. Nilipata maneno mawili, “Wageni wetu.” Baada ya hapo pakawa na mvumo kama mvua juu ya bati, mvua hiyo ikaendelea kinywa chake kikienda, mpaka karibu na mwisho ambapo kicheko kilitokeza, kicheko kimoja kirefu, kikazama tena. Nilirudia mara nyingi. Nilibadilisha mpira. Nilipunguza mwendo. Hotuba haikurudi.

Nilikwenda Khwisero siku ya kazi, bila turubai wala kwaya. Mama alikuwa na wajukuu wachache waliokuwa likizo. Sikubeba projekta. Nilibeba laptopu na spika, nikaviweka juu ya kiti jikoni kwake kwa sababu ndiko alikokuwa, anachambua mboga. Safari hii sikugusa kitu. Nilimuuliza anataka nimwonyeshe nini.

“Sitaki kuona,” alisema. “Niwekee tu niisikie.”

Akafunga macho. Nikabonyeza. Kikohozi kikajaa jiko lote, na mama akashtuka akashika sinia la mboga. “Wageni wetu,” mzee akasema, kisha mvua. Tulingoja katika mvua ile. Kicheko kikaja, kikaondoka.

“Rudisha,” akasema. Nikarudisha. Tulisikiliza mpaka watoto wakajua, wakaanza kukohoa kwenye ngumi zao na kusema “Wageni wetu” kwa sauti nzito, wakivuta makoti wasiyokuwa nayo. Mama aliwatazama, machozi yakimtoka na meno yakionekana. Mimi nilikuwa nikifikiri kwamba hao watamjua babu yao kwa kikohozi, na kwamba mimi ndiye niliyewakatia fungu hilo.

Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa mpangilio, lakini yalitoka vurugu: spiriti, kifuniko, kaseti ya mahubiri, nyaya mkobani. Nikamwambia siku ile mzee alizungumza, mama, alizungumza yote, na sauti ilikuwa inatoka nyuma ya deki haina pa kwenda. Nikamwambia nilikuacha uchekwe mbele ya watu kwa kosa ambalo kubwa lake ni langu. Nikamwambia si moshi.

Aliendelea kuchambua mboga kwa muda. Nilifikiri hakuelewa, nikataka kuanza upya polepole.

“Nimesikia,” akasema. “Moshi ni wangu, haraka ni yako. Kila mtu abebe wake, mwanangu. Usiniibie wangu ili uonekane umebeba mzigo mkubwa.”

Nikachukua shina moja la mboga nikaanza kuchambua naye.

“Maneno yake ninayo,” akaendelea. “Nilikuwa nimekaa karibu naye. Alisema wageni wetu wale washibe, kisha akasema mtoto wetu akiwashinda mturudishie, na ng'ombe tubaki nao, ndipo watu wakacheka. Hayo ninawaambianga hawa kila siku. Nilikuwa natafuta vile alikuwa anayasema. Hayo mengine tusidanganyane, hayarudi. Lakini kikohozi hicho ni chake. Hicho nilikuwa nimekisahau kabisa.”

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Nilimwachia sauti ndani ya kisimu chake, nikamwonyesha pa kubonyeza, mara ya kwanza na ya pili, mpaka kidole chake kikazoea. Binti yake alinipigia baadaye kutoka Lumakanda kushukuru. Nilipojaribu kumweleza naye alinikatiza, akasema mama ameshamwambia yote, na kwamba mama anasema mwalimu anapenda sana kueleza, tumwache apumzike. Tangu hapo nimebeba wangu tu. Si mzito kupita kiasi. Lakini nikisikia mtu akikohoa kwenye ngumi, popote, hata kanisani, mkono wangu hushuka wenyewe kupapasa mkoba.

Chuoni bado ninafundisha nyaya za rangi, ingawa vijana huniuliza za nini siku hizi. Ninawaambia ziko kaseti bado, kwenye masanduku na kwenye dari, nyingi kuliko wanavyodhani, na siku moja watabishiwa hodi. Wanafunzi wanaoharakisha kuchomeka siwagombezi. Nawashika mkono, nawaketisha, nawaambia wanaweza, kila mtu anaweza, kazi yenyewe ni ndogo.

Na wewe unaweza. Ukialikwa kwenye nyumba ya mtu, salimia, ukae, kisha mtafute mwenye kaseti, siyo aliyekupigia simu, mwenye kaseti mwenyewe. Muulize anataka kuona nini na anataka kusikia nini. Ngoja akujibu.